UZI: Kura za King County na jimbo la Washington. Kule chini ya karatasi tumpe nani?

Mama_Kent (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Kila mwaka ikifika Julai, karatasi za kura zikija kwa posta hapa King County (kaunti ya Seattle na miji inayoizunguka), simu yangu haipumui. Mpwa wangu yuko Tukwila ananitumia picha ya karatasi ya kura, shemeji yuko Federal Way ananipigia saa nne usiku, na kuna mama tunayesali naye ambaye huja na bahasha yake kanisani kabisa: "Dada, hapa nimpe nani?" Mwaka huu nimegoma kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza nitamtumia uzi.

Nianze kwa kujitaja ili asije mtu akasema nimemficha kitu. Mimi ni mrengo wa kushoto, hawa wanaojiita progresivu. Natunza wazee majumbani mwaka wa 14 sasa, niko kwenye chama cha wafanyakazi, na nyumba ninayokaa ni ya kupanga. Mapendekezo yangu yanatoka hapo. Mwenye mtazamo mwingine afungue uzi wake, nitakuja kuusoma na nitabisha kwa adabu.

Kura ya rais siigusi. Hapa kwetu matokeo yake yanajulikana kabla ugali haujaiva. Nazungumzia yale majina ya chini: diwani, bodi ya shule, kamishna wa bandari, jaji, na zile hoja za Ndiyo au Hapana. Huko ndiko watu wetu wanaacha wazi, au wanachagua kwa ana ana ana do. Na huko ndiko mshahara wako na kodi ya nyumba yako vinakoamuliwa.

Mfano ninaoupenda ni wa SeaTac, huu mji mdogo unaozunguka uwanja wa ndege. Novemba 2013 wakazi waliulizwa kama wafanyakazi wa hoteli, maegesho, magari ya kukodi na shughuli za uwanja walipwe angalau dola 15 kwa saa. Kima cha chini cha jimbo wakati ule kilikuwa dola 9 na senti 19. Ndiyo ikashinda kwa tofauti ya kura 77. Sabini na saba! Kwenye harusi zetu za hapa Kent hao ni wa meza ya kamati tu. Waliokuwa wakifanya kazi ndani ya uwanja wenyewe walisubiri mpaka Agosti 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua kwamba na wao wamo. Lakini moto ulishawaka. Juni 2014 baraza la jiji la Seattle likapitisha dola 15 yake. Tukwila wakapiga kura yao 2022, Renton Februari 2024, Burien Februari 2025, kote Ndiyo ikapita. Ukiangalia ramani hiyo ni miji yetu sisi, tunaosukuma viti vya magurudumu na kupanga mizigo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna jina la mgombea. Ukiona hoja ya kima cha chini, ya nyumba za bei nafuu, ya mabasi au ya shule, usiiache wazi hata kama majina yote hapo juu huyajui.

Wa pili ni kuhusu Ndiyo ambayo maana yake ni Hapana. Mnakumbuka 2024? Kulikuwa na hoja tatu zilizolengwa kufuta au kudhoofisha sheria ambazo tayari zilikuwepo. I-2109 ilitaka kuondoa kodi ya faida ya mtaji. Hiyo wakati ule ilikuwa asilimia 7 kwa mtu anayeuza hisa na mali za namna hiyo akapata faida kubwa, robo milioni ya kwanza haiguswi, wala nyumba unayouza haihusiki. Pesa zake zinakwenda kwenye elimu na malezi ya watoto wadogo. I-2117 ilitaka kufuta soko la hewa ukaa, yaani kampuni zinazochafua hewa kulipia vibali, ambalo fedha zake ni sehemu ya sababu watoto wenu wa miaka 18 na chini yake wanapanda basi bure. I-2124 ilitaka mfuko wa huduma za uzeeni, WA Cares, uwe wa hiari. Sasa mtu wetu anafungua karatasi, anaona neno "kodi", moyo unamwambia Hapana, hataki kodi. Kumbe Hapana ndiyo inayoiacha kodi ibaki! Na mwingine anapenda mfuko, anaweka Ndiyo, kumbe ameupiga shoka. Mimi mwenyewe niliisoma I-2109 mara tatu huku chai inapoa. Zote tatu zilikataliwa, ila ya nne, I-2066 ya gesi ya majumbani, ilipita kwa chupuchupu.

Dawa yake ni ndogo: kabla hujaweka wino, jiulize, "Nikiweka Ndiyo, kesho asubuhi nini kitakuwa kimeondoka?"

Nitaendelea kwenye mchujo wa Agosti na zile orodha za mapendekezo. Ngoja nigeuze maandazi.

Kapuku_wa_Capitol_Hill

Nimeweka kambi hapa. Lete vitu, Mama.

Mgeni2019

Dada naomba kuuliza kabla hujaendelea. Nina grinikadi, bado sijala kiapo. Nilipoenda kuchukua leseni ya kuendesha waliniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nilisita nikasema hapana. Nilikosea?

Mama_Kent

Hukukosea hata kidogo, na ahsante kwa kuuliza hadharani. Jamani, hili nalisema kwa herufi za kukolea: kama si raia, usijiandikishe, usipige, usisaini popote panapodai wewe ni raia. Hata kama karani amekuharakisha, hata kama rafiki amekwambia kura za mtaani hazina shida. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini na kukuzibia uraia moja kwa moja. Uchaguzi utakuja mwingine.

Ila unakaa Seattle yenyewe au nje?

Mgeni2019

Rainier Beach, ndani ya jiji.

Kapuku_wa_Capitol_Hill

Basi Mgeni una silaha usiyoijua. Seattle kuna vocha za demokrasia: vocha nne za dola 25, jumla dola 100, unampa mgombea unayemtaka wa nafasi za jiji na jiji ndilo linalomlipa. Wapiga kura waliupitisha mpango huu 2015, ukaanza kutumika uchaguzi wa 2017. Na mkazi mwenye grinikadi anaruhusiwa! Waliojiandikisha kupiga kura hutumiwa kwa posta wenyewe, wewe inabidi uombe. Mimi mfukoni sina kitu lakini 2025 nilichangia kampeni kama tajiri.

Na hizo vocha si mchezo. Wagombea wasio na marafiki wenye mabenki wanapata nguvu ya kugonga milango. Katie Wilson alikuwa mwanaharakati wa abiria wa mabasi, akamwangusha meya aliyekuwa madarakani, Bruce Harrell, Novemba 2025, kwa tofauti ya kura kama elfu mbili kati ya zaidi ya laki mbili na nusu. Usiku wa kwanza Harrell alikuwa anaongoza vizuri tu. Nililala na huzuni. Huku kura za mwishomwisho zinahesabiwa siku zinazofuata, na Seattle hizo huwa zinaegemea kushoto kwa sababu vijana tunapeleka bahasha dakika za majeruhi.

Mzee_wa_Renton

Binti yangu Mama Kent, nimesoma yote kwa utulivu. Umeandika vizuri lakini umesahau upande mmoja. Mimi nina nyumba mbili za kutunzia wazee, zile za vitanda sita. Kima cha chini kikipanda mimi ndiye ninayekaa na kikokotoo saa saba usiku. Malipo ninayopata kwa wazee wa Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hayapandi kwa sababu Renton imepiga kura. Hao progresivu wenu wana mioyo mizuri, lakini bili wanaituma kwa mtu mwingine.

Na hiyo WA Cares, mimi 2024 niliweka Ndiyo kwenye I-2124, na nilijua ninachofanya. Senti 58 kwa kila dola 100 ya mshahara, maisha yote ya kazi, upewe huduma isiyozidi dola 36,500. Mimi nikizeeka narudi Machame. Nani atanifuata na huduma hiyo mgombani?

Mama_Kent

Mzee wangu, shikamoo.

Hapo pa Machame umenigusa, sitajifanya nina jibu tamu. Kwa mtu mwenye uhakika wa kurudi nyumbani, mfuko ule si mali yake kwa maana ya kawaida. Nilichokiona mimi ni kingine. Katika miaka 14 nimewauguza wenzetu wanne waliosema watarudi. Figo zikagoma, wajukuu wakazaliwa hapa, nauli ikawa ya kwenda kuzika tu. Mmoja aliuza gari ndipo apate mtu wa kumsaidia kuoga. Ndiyo maana mimi niliweka Hapana. Mfuko wa hiari ungebaki na wagonjwa watupu, wenye afya wangejitoa wote, na ungekufa.

La mshahara: ni kweli kwamba mwajiri mdogo anabanwa katikati. Lakini mlango wa kugonga hapo ni Olympia, makao makuu ya jimbo, kwa mbunge na seneta wa wilaya yako, maana kiwango cha Medicaid kinapangwa na bunge la jimbo. Na hao mara nyingi ni haohao progresivu ndio wanaotaka kiwango hicho kiongezwe. Nyie wenye nyumba za wazee na sisi watunzaji tungekwenda pamoja siku moja na basi moja tungesikilizwa zaidi kuliko hivi tunavyosutana.

Mzee_wa_Renton

Marahaba. Basi hilo nitalipa mafuta.

Lakini kodi bado siitaki.

Mama_Kent

Haha, sawa mzee. Ila kumbuka jimbo hili mishahara ya watu kama sisi haikatwi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo linajazia kwenye kodi ya mauzo. Seattle ni zaidi ya asilimia 10. Mimi na bilionea tukinunua sufuria moja tunalipa sawa, ila yeye haisikii. Ndiyo maana ile ya faida ya mtaji niliipigania.

Narudi kwenye mchujo. Agosti, Jumanne ya kwanza. Watu wengi hawaijali, wanasema "nasubiri Novemba". Huku mchujo si wa chama kimoja kimoja. Wagombea wote wanawekwa kapu moja na wawili wa juu ndio wanaokwenda Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Sasa sikilizeni kilichotokea Agosti 2024 kwenye nafasi ya Kamishna wa Ardhi ya Umma, mtu anayesimamia misitu ya jimbo na uzimaji wa moto wa nyika. Wanademokrasia walikuwa watano, Warepublican wawili. Hao watano wakagawana kura kama ndugu wa shamba la urithi. Wawili wa Republican walikaribia kuchukua nafasi zote mbili za juu, katika jimbo ambalo Democrats wanapata kura nyingi zaidi! Dave Upthegrove wa Democrats akaponea kwa tofauti ya kura 49, baada ya kuhesabu upya, kati ya kura zinazokaribia milioni mbili. Novemba akashinda.

Somo langu kwa mchujo: mpe unayempenda, sawa, lakini kama kuna utitiri wa wagombea wanaofanana, angalia yupi ameshapata nguvu. Kura ya kumfurahisha rafiki wa rafiki ina gharama yake. Seattle wataanza kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, kwenye mchujo wa jiji kuanzia 2027, labda huko tatizo hili litapungua. Sisi wa Kent bado.

Dereva_wa_Usiku

Mimi nataka kuongeza kamishna wa bandari. Niko kwenye foleni ya magari ya abiria uwanja wa ndege wa Sea-Tac karibu kila usiku. Madereva tunalalamika mambo ya eneo la kusubiria, ada, vyoo, halafu kura ikija watu wanaruka "Port of Seattle Commissioner" kama vile ni ya mabaharia. Wale makamishna watano ndio wanaoendesha uwanja wa ndege! Na wanachaguliwa na King County nzima, si Seattle peke yake. Mwaka fulani tulikwenda kwenye mkutano wao madereva kumi na mmoja, tukaongea dakika mbili mbili. Mmoja wao alitushika mkono na kutuuliza majina. Huyo nilimkumbuka kwenye karatasi.

Kapuku_wa_Capitol_Hill

Na mtendaji mkuu wa kaunti. Novemba 2025 tulimchagua Girmay Zahilay, aliyezaliwa Sudan kwenye familia ya wakimbizi kutoka Ethiopia. Mabasi ya Metro yako chini yake, jela ya kaunti iko chini yake. Watu wanamjua gavana, huyu hawamjui.

Mukongomani_Kent

Bandugu, asanti sana kwa hii maelezo. Mimi nilipata uraia mwaka jana. Nauliza: hizo orodha za mapendekezo za progresivu, tunazitoa wapi na tunaweza kuziamini?

Mama_Kent

Hongera kwa uraia, kaka. Karibu kwenye utumwa wa bahasha.

Orodha zipo nyingi na kila moja ina mama yake. *The Stranger* ni gazeti la Seattle, linatukana na kuchekesha, na lina karatasi ya majibu kwa wavivu. Liko kushoto kabisa na jicho lake ni la jiji. Likizungumzia Kent wakati mwingine unaona hawajawahi kushuka basi hapa. *The Urbanist* ni watu wa nyumba, reli na njia za baiskeli, wao nawasikiliza sana kwenye hoja za usafiri. Kuna Progressive Voters Guide ya Fuse, hiyo inafika mpaka miji midogo, na inakuonyesha ni vyama gani vya wafanyakazi na mashirika gani yanamuunga mkono nani. Mimi huanzia hapo. Halafu vyama vya wafanyakazi vyenyewe, na matawi ya Democrats ya kila wilaya ya bunge.

Upande wa pili kuna bodi ya wahariri ya *Seattle Times*. Hao mara nyingi wako na wenye biashara. Nawasoma pia, tena kwa makini. Nikiona The Stranger na Seattle Times wamempendekeza mtu mmoja, ama ni mzuri kweli au mpinzani wake ni kituko.

Kitabu kinachokuja na posta kutoka serikalini si mapendekezo. Yale maelezo ya wagombea wameandika wenyewe, hakuna ofisa aliyeyakagua ukweli wake. Kila mtu humo anapenda watoto na usalama. Angalia waliomuunga mkono, siyo vivumishi.

Kuziamini? Ziamini kama unavyomwamini jirani anayekuonyesha njia. Mwaka mmoja niliifuata orodha moja neno kwa neno, pamoja na diwani mmoja aliyesifiwa kwamba yuko na wapangaji. Alipoingia, pendekezo la kwanza la kuwalinda wapangaji lilipokuja aliomba "muda wa kulitafakari" mpaka likafa. Tangu hapo nikiwa na dakika tano natafuta alivyopiga kura huko nyuma kama alishawahi kushika nafasi.

Kwa majaji, ambao huku wanachaguliwa, chama cha mawakili cha King County huwapima wagombea na kutangaza nani anastahili sana na nani hastahili. Kwenye majaji mimi huanza na hicho kabla ya itikadi. Na wengi wao hawana mpinzani, kwa hiyo msijitese.

Mwalimu_Msaidizi

Shule, jamani, shule. Mimi ni msaidizi wa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Kuna levi na kuna bondi, msizichanganye. Levi ni kodi ya muda ya kuendesha shule, inapita kwa zaidi ya nusu. Bondi ni mkopo wa kujenga, inahitaji asilimia 60. Na huletwa Februari au Aprili wakati hakuna anayewaza kura. Bondi inaweza kupata asilimia 58 na ikaanguka. Asilimia 58! Watoto wanaendelea kusoma kwenye vyumba vya kuhamishika, mvua ikinyesha hawasikii mwalimu. Kwa hiyo ukiacha wazi umepiga Hapana.

Kapuku_wa_Capitol_Hill

Hapo mwisho kidogo mwalimu. Ukiacha wazi hauhesabiwi kokote, asilimia 60 ni ya waliojibu swali hilo. Ila kuna sharti jingine la idadi ya waliojitokeza ikilinganishwa na uchaguzi mkuu uliotangulia, kwa hiyo kubaki na bahasha juu ya friji ndiko kunakoua bondi.

Mwalimu_Msaidizi

Nimekubali sahihisho. Friji ndiyo adui.

Mzee_wa_Renton

Kwenye bondi za shule mimi huweka Ndiyo kila mara. Msinishangae.

Dereva_wa_Usiku

Kuna jamaa kwenye foleni alifungwa, ametoka 2023, anaamini hawezi kupiga kura tena maisha yake. Ni kweli?

Mama_Kent

Mwambie si kweli, kama ni raia. Tangu Januari 2022, sheria ya Washington ni kwamba ukishatoka gerezani haki inarudi, hata kama bado uko chini ya uangalizi au unadaiwa faini za mahakama. Ila haijiandikishi yenyewe, ajiandikishe upya. Akichelewa mtandaoni aende mwenyewe kituo cha uchaguzi, wanaandikisha mpaka saa mbili usiku siku yenyewe ya kura.

Mgeni2019

Nimeomba vocha leo asubuhi. Nitaleta mrejesho. Swali moja la mama yangu, yeye ni raia: mkono unatetemeka, sahihi yake haifanani tena na ya zamani. Mwaka jana aliletewa barua kwamba kura yake ina shida, akaogopa akaichana.

Mama_Kent

Ooh, mama wa watu. Ile barua haikuwa ya kumshtaki. Huku kila sahihi kwenye bahasha inalinganishwa na iliyo kwenye kumbukumbu, isipofanana wanakuandikia urekebishe. Anajaza ile fomu, anasaini, anairudisha kabla kaunti haijathibitisha matokeo, kura yake inahesabiwa kama kawaida. Kama hawezi kabisa kusaini, anaweka alama na mashahidi wawili wanasaini pembeni. Mwambie asiichane tena. Na bahasha haihitaji stempu, au ipelekeni kwenye sanduku la kura. Mkitumia posta siku ya mwisho hakikisheni imegongwa muhuri siku hiyohiyo, msiitupe kwenye boksi la barua jioni.

Anakaa na wewe hapo Rainier Beach?

Mgeni2019

Ndiyo. Amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema shikamoo zimfikie yule mzee wa Machame, na anauliza kama ni wa Machame ya Nkweshoo.

Mzee_wa_Renton

Ndipo hapo hapo! Mwambie anipigie. Tutaongea na habari za kura.